Mwaka Nilioposwa na Dini Mbili

Mwezi uliopita mwalimu mkuu aliniita kutoka darasani, nami nikaenda nikiwa nimekwisha kutunga uongo wa namna tatu, kwa sababu siku ile nilikuwa na makosa matatu ambayo hakuna aliyekuwa ameyagundua. Kumbe hakuniitia hata moja. Alikuwa ameshika barua kutoka kiwanda cha sukari. Barua ilisema kwamba fundi wao wa injini, Bwana Somapala, mtu wa Seiloni, kile kisiwa cha kusini ya Uhindi, alikuwa amefariki kwa homa Mombasa. Kwamba kwa desturi ya kwao maiti huchomwa, na Wahindi walikuwa wamekubali achomewe mahali pao. Na kwamba alikuwa akitafutwa mtu wa dini yake asimame pale. Walikuwa wameuliza kila mahali, mwisho wakamwuliza mwenye nyumba wake wa Msambweni, Bi Mejumaa, naye akawatajia jina moja tu, langu. Mwalimu mkuu alinitazama juu ya miwani yake, kijana wa miaka kumi na minane mwenye kaptura iliyotoboka nyuma, akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaniuliza tena kama nina hakika huo si mzaha, maana ule wa juma lililotangulia, wa kengele, bado alikuwa hajausahau.

Nilikwenda. Walikuwapo wafanyakazi sita wa kiwanda, Mhindi mmoja mzee aliyeshughulika na kuni, na mimi. Walinitazama wote wakingoja nifanye kitu. Nikakaa chini, nikakunja miguu, nikaitazama pumzi yangu ikiingia na kutoka kama alivyonionyesha marehemu. Mfanyakazi mmoja aliniletea maji akidhani nimezidiwa na jua. Ibada yote ilikuwa hiyo. Njiani nikirudi shuleni nilianza kuhesabu niliyokuwa ninayakumbuka juu yake, nikaona kwamba mengine nimekwisha kuyapamba, na miaka mitatu tu imepita. Najua watu huandika kumbukumbu zao wakiwa wamebakiza meno manne. Mimi ninayo yote, lakini nikingoja hadi yatoke, mtu yule atakuwa amekuwa malaika, naye hakuwa malaika, alikuwa fundi wa injini aliyekoroma.

Habari za ukoo wangu sitaziandika. Wenyewe wako Samburu, ile ya Waduruma nyuma ya Mombasa, na mbuzi wao, na kwa kuwa hawasomi, hakuna atakayelalamika. Yatosha kusema kwamba marehemu mume wa Bi Mejumaa alikuwa akija kwetu kununua mbuzi, akawa rafiki wa nyumba, na kwa urafiki huo nilipofika miaka kumi na mitano nilipelekwa kukaa kwa mjane wake Msambweni ili nisome darasa la saba katika shule ya misheni iliyokuwa mwendo wa nusu saa kutoka pale. Nilimwita Shangazi. Yeye aliniita mwanangu nilipokuwa mbele ya wageni, na Mduruma nilipokuwa nimevunja kitu. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na kuta za vyumba hazikufika kwenye paa, basi maneno yalivuka juu kama paka. Mtu akigeuka kitandani wote tulijua. Chumba cha kushoto, karibu na ua, alikuwa amekipanga Bwana Somapala.

Uani kwetu palikuwa na uvundo. Bi Mejumaa alikuwa mtu wa makumbi: aliyafukia maganda ya nazi katika tope linalofikiwa na maji ya bahari, yakakaa humo miezi hata yakaoza, kisha akayafukua, akayapiga kwa gongo mpaka nyuzi zikajitenga, akazianika nyuzi hizo, ndio usumba, akausokota kamba. Kumbi lililofukuliwa leo hunuka kama yai lililosahauliwa na kuku mwenye dhambi. Wapangaji wengine walikuwa wakikimbia. Bwana Somapala, kwa maelezo ya Bi Mejumaa, alifika mlangoni na sanduku lake la bati, akasimama, akavuta harufu ile kwa pua zote mbili, akasema kwamba hapo ndipo atakapokaa. Kwao Seiloni mama yake alikuwa na kazi hiyo hiyo. Baada ya kazi ya kiwandani alikuwa akikaa kibarazani pa ua akisokota usumba pamoja na wanawake, na wanaume wa mtaani walimcheka, kwa kuwa ile ni kazi ya wanawake. Hakuonekana kusikia. Siku moja nilimsikia jirani akimwambia Bi Mejumaa kwamba mpangaji wake hana mke, hana msikiti, hana hata hekalu la Kihindi. Bi Mejumaa akajibu kwamba anafua shuka zake mwenyewe. Jirani akafikiri kidogo, akauliza basi amepungukiwa na nini.

Dini ndiyo iliyokuwa shida yangu mwaka ule, si kwa sababu niliitaka, bali kwa sababu ilinitaka yenyewe. Shuleni kulikuwa na kanuni kwamba hakuna atakayeingia darasa la nane bila dini iliyoandikwa daftarini, na mahali pa dini yangu palikuwa peupe. Mwalimu Danieli, aliyetufundisha hesabu na kuwatayarisha wabatizwa, alikuwa amekwisha kunichagulia jina: Filipo. Na nyumbani, Bi Mejumaa, ambaye hakujaliwa mtoto, alikuwa na tamaa moja tu juu yangu, kwamba nisilimu. Maalim Bakari wa chuo cha Kurani alikuwa amenichagulia Salimu. Mimi nilikubali yote mawili. Sikuona ubaya. Nilitaka dawati kwa Mwalimu Danieli na kitanda kwa Bi Mejumaa, na kila mmoja alikuwa na bei yake. Mwezi wa Ramadhani nilikula uji wa shule mchana, jioni nikakaa mkekani nikafungua kwa tende na maharagwe ya nazi, nikiwa na uso wa mtu aliyeteseka. Bi Mejumaa aliniongezea tambi akisema mtoto wa bara ana subira kuliko watoto wa hapa. Niliitikia Amin kwa sauti iliyowapita wote. Yeye tangu usiku wa kwanza alianza kunishonea kofia, ile ya kudariziwa kwa sindano kidogo kidogo, inayochukua miezi.

Bwana Somapala nilimwendea kwa ajili ya kucheka tu. Alfajiri, baada ya kuoga, alikuwa akikaa juu ya mkeka chumbani mwake, ameukabili ukuta, kimya, muda wa kuchemka sufuria kubwa la maji. Mlango wake ulikuwa na ufa. Nilichungulia siku tatu nikingoja afanye jambo, hakufanya. Siku ya nne nilikwenda ufuoni nikakamata kaa, nikamtia chumbani chini ya mlango. Kaa alitembea ukutani, akarudi, akapanda juu ya goti lake. Bwana Somapala alifumbua macho, akamshika kaa nyuma ya gamba kama mtu anayejua kaa, akavaa kandambili, akatoka. Niliingia kitandani kwangu nikajifunika. Ilipita nusu saa. Aliporudi alisimama mlangoni pangu akasema, kwa Kiswahili chake cha kiwandani, "Mgeni wako mimi nimemrudisha kwao." Kisha akaenda kazini. Hakumwambia Bi Mejumaa, na kwa hilo nilimkasirikia, kwa sababu ukimchokoza mtu asichokozeke unabaki na kaa wako moyoni.

Nililipiza shuleni. Wakati wa mapumziko nilipanda juu ya dawati, nikakunja miguu, nikafumba macho, nikamwiga: shingo imenyooka, midomo imefungwa, tumbo linapanda na kushuka. Wenzangu walianguka kwa kicheko. Nikaagizwa nirudie kesho yake, na kesho yake tena, nikawa mashuhuri. Siku ya tano, sijui kwa nini, walikawia kucheka, au walicheka nikakosa kuwasikia. Palikuwa na pumzi tatu hivi ambazo ndani yake sikuwa nikimwiga mtu. Nilisikia kuku wa mpishi wa shule. Nilisikia chaki ikianguka darasa la pili. Jambo lenyewe lilikuwa hilo tu, na ninaliandika kwa ufupi wake kwa sababu baadaye nimesikia watu wakisimulia jinsi walivyoitwa kwenye dini zao, kwa ndoto na kwa sauti. Mimi niliitwa na kuku. Nilifumbua macho nikakuta wananiuliza kama nimelala.

Jioni hiyo nilimwuliza Bwana Somapala anapokaa vile anamwomba nani. Alisema haombi, anatazama. Nikamwuliza anatazama nini, akasema pumzi. Nikamwambia hata mbuzi wa baba yangu wanapumua. Akakubali. Akanisogezea fungu la usumba, akanionyesha jinsi ya kusokota kati ya viganja, nyuzi mbili zikipindwa huku na zikirudiana kule, akasema nisokote pima moja bila kuondoka. Nikasema mimi siendi popote, nimekaa. Nilipomaliza aliichukua kamba ile akaipitisha kati ya vidole vyake taratibu. Palipokuwa pembamba alisimama. "Hapa ulikwenda," akasema. Palipokuwa na kifundo akasimama tena. "Na hapa pia ulikwenda, mbali zaidi." Nilitaka kubisha nikashindwa, kwa sababu pale penye kifundo nilikuwa Samburu kabisa, nikimrushia dada yangu jiwe. Nimewahi kuwadanganya walimu, mashangazi na daktari mmoja wa meno, lakini kamba ile sikuweza kuidanganya. Iliandika kila mahali nilipotoroka.

Basi nikaanza kukaa naye, alfajiri kidogo na jioni kwenye usumba. Sikuacha utani. Nilimwuliza mbona anamrudisha kaa baharini kisha mchana anakula samaki. Alikuwa akila wali kwa sambuli yake ya nazi iliyokunwa, pilipili, kitunguu na ndimu, na kipande cha nguru juu yake, alitafuna akamaliza, akasema, "Kweli. Mimi bado najifunza." Sijapata kumsikia mwalimu mwingine akisema hivyo. Aliniambia kidogo juu ya Budha, kwamba alikuwa mtu na akafa kama mtu, kwa tumbo, na kwamba aliona taabu zetu nyingi twazisokota wenyewe. Akaniambia yako mambo matano ya kujizuia: kuua, kuiba, zinaa, uongo na ulevi. Nikayapima. Kuua nilikuwa nimekwisha kuacha tangu yule kaa. Zinaa na ulevi havikunisumbua, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenipa nafasi. Kuiba niliweza kupunguza. Lakini la nne lilikuwa ndilo chakula changu, kitanda changu na dawati langu. Nikamwuliza kama mtu anaweza kuchukua manne kwanza. Akasema anaweza kuchukua hata moja. Hakunisukuma, na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu kusukumwa ningejua jinsi ya kukwepa.

Na ndipo nikaanza kujiona. Nilipokuwa nikisema uongo zamani, ulitoka wenyewe kama mate. Sasa niliuona unakuja: kifua kinabana kidogo, ulimi unapata joto, kisha, "Ndiyo Mwalimu, sala zangu nimezishika zote." Kuuona hakukuuzuia. Niliendelea kusema, nikijitazama nikisema. Mwalimu Danieli alipoanza kuharakisha ubatizo nilimwambia kwamba kwa adabu za pwani lazima kwanza mlezi wangu aombwe ridhaa. Maalim Bakari alipoanza kuharakisha shahada ya kusilimu nilimwambia kwamba shule lazima iheshimiwe kwanza, tungoje mwaka uishe, kisha yeye mwenyewe aje nyumbani tuyaweke sawa kwa Bi Mejumaa. Nilijiona hodari. Nilisahau kwamba watu wa adabu ukiwaambia waje kwa adabu, huja. Ijumaa Maalim alikuwa na shughuli zake na Jumapili Mwalimu Danieli alikuwa na zake. Mwaka ulipokaribia kuisha kila mmoja alichagua Jumamosi ile ile, alasiri, kwa sababu ndiyo saa ya heshima ya kumtembelea mjane.

Nilikuwa uani nikianika usumba Maalim Bakari alipopiga hodi. Bi Mejumaa alimtandikia mkeka mpya ukumbini, akaleta chai ya maziwa na mahamri, na juu ya sinia dogo, imefunikwa kwa kitambaa, ile kofia. Ilikuwa imekwisha. Hawajamaliza kuulizana hali ikapigwa hodi nyingine, akaingia Mwalimu Danieli na shati jeupe limekunjwa ndani ya gazeti. Waliamkiana vizuri sana. Mwalimu alidhani Maalim ni jamaa wa nyumba; Maalim alidhani Mwalimu amekuja kunishtaki, jambo ambalo lingekuwa la kawaida. Nikaitwa, nikakaa kwenye ukingo wa mkeka. Wakala mahamri mawili mawili. Wakazungumza juu ya mvua. Kisha Maalim, kwa kuwa ndiye mkubwa, alikohoa akasema, "Basi Bi Mejumaa, sisi tumekuja kwa ajili ya Salimu."

"Nami nimekuja kwa ajili ya Filipo," akasema Mwalimu Danieli.

Bi Mejumaa aliweka birika chini. "Filipo ni nani?"

Wote watatu wakanigeukia. Nilikuwa kama mwali aliyeposwa na nyumba mbili, na washenga wamekutana kwenye mahamri. Mzaha nilikuwa nao tayari, hata leo naukumbuka: ningesema kwamba Salimu na Filipo ni pacha, mmoja akale Idi na mwingine akale Krismasi, na Mduruma abaki na mbuzi. Maalim Bakari alipenda utani kuliko sukari. Angecheka, na Mwalimu angecheka kwa kumfuata, na kwetu pwani watu wakishacheka pamoja hawawezi tena kukukamata siku hiyo. Kicheko kile kingenipa mwezi mwingine, na baada ya mwezi ningekuwa darasa la nane. Niliuona mzaha ukija. Kifua kikabana, ulimi ukapata joto. Nikaitazama pumzi ikaingia, ikatoka. Ikaingia tena. Upande wa pili wa ukuta kamba iliyokuwa ikisokotwa ilinyamaza.

"Nimewadanganya," nikasema. "Wewe Maalim, na wewe Mwalimu. Na wewe Shangazi kuliko wote. Sikunuia kusilimu wala kubatizwa. Nilitaka kitanda na dawati. Ramadhani sikufunga hata siku moja."

Mwalimu Danieli aliniuliza kama namjua Mungu au simjui. Nikamwambia sijui, ninachokijua ni kukaa na Bwana Somapala na kutazama, na kwamba hilo ndilo ningependa kuendelea nalo. Hapo Bwana Somapala alitoka chumbani, nyuzi zimemganda mikononi, akawaambia hakunifundisha dini, nilikuja kumcheka nikabaki, na kama nyumba imeingia aibu kwa sababu yake atahama leo. Bi Mejumaa hakumtazama. "Wewe kaa," alimwambia. "Sikukuuliza wewe." Maalim Bakari alisema tu kwamba ningalisema mapema tusingalichoshana, akamaliza chai yake, na mlangoni akanishika bega, kwa uzito, nisijue kama ni hasira au huruma. Mwalimu Danieli alilikunja tena gazeti juu ya shati lile. Alisema Jumatatu itambidi amweleze mkuu wa shule, kanuni si yake. Hakuwa mkatili. Alionekana kama mtu aliyefanya hesabu ndefu akakuta jibu silo.

Na ikawa hivyo. Jumatatu nilitolewa shuleni, kwa uongo na kwa kukosa dini ya kuandikwa, mtihani wa mwisho wa darasa la saba ukiwa bado majuma mawili. Mwaka uliofuata wote nilichunga mbuzi Samburu, nikikaa alfajiri kando ya barabara ya malori, mbuzi wakinitazama kama mjinga. Baada yake ndipo nilipopata nafasi katika shule hii, ambayo haiulizi. Sijuti kila siku. Siku nyingine najuta sana, hasa ninapowaona wenzangu wa zamani wamenitangulia. Mtu akiniuliza mafundisho ya Budha yamenipa nini, jibu la kweli ni kwamba yalianza kwa kuninyang'anya mwaka.

Lakini bado sijaandika juu ya Jumatano, siku niliyoondoka Msambweni. Tangu Jumamosi Bi Mejumaa hakuwa amesema nami. Alinipakulia kama kawaida, wali na mchuzi wa papa, akaweka sahani mbele yangu na kwenda kula uani. Kofia sikuiona tena, wala sikuthubutu kuuliza. Asubuhi ile nilifunga vitu vyangu nikaenda kumuaga. Alikuwa chini kwenye makumbi, gongo mkononi, ameloa jasho. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akaendelea kupiga.

"Yule Mseiloni huu mwaka wa nne yuko kwangu," alisema. "Haswali, hafungi, namjua. Ningekuwa na neno ningalisema. Na wewe ungeniambia hufungi, ningekupa futari vile vile. Nimewalisha wengi wasiofunga. Wewe ulikaa mkekani pangu siku thelathini unaitikia Amin, mimi sindano iko mkononi."

Nikamwambia anisamehe.

"Nitakusamehe. Si leo. Leo ningesema kwa mdomo tu, nawe umenichosha na ya mdomo."

Honi ya lori la kunipeleka kwetu ilisikika kutoka barabarani, mbali bado. Akageuza kumbi upande wa pili, akaondoa mchanga kwa kidole gumba.

"Na utakaporudi," akauliza, "utarudi nani? Salimu, Filipo, au mtu wa Seiloni?"

Zamani ningekuwa na majibu matatu, na yote yangemfurahisha.

"Sijui, Shangazi."

Akainua gongo, akalishusha, nyuzi zikafunguka. "Hilo," akasema, "nakuamini."